Milio ya Simu na Saa ya Mtambo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Tangini, Kibaha

Kila mmoja awe na kalamu na daftari, maana leo tutaandika saa.

Juma lililopita tulijifunza jinsi sauti inavyosafiri katika intaneti. Leo tutautazama mtambo unaounganisha simu ya waya na intaneti. Ni kisanduku kidogo chenye taa na matundu ya nyaya. Sisi tutakiita Kiungo. Kiungo hufanya kazi usiku na mchana, lakini kwanza lazima kifundishwe mambo mawili: milio ya simu za nchi yetu, na saa. Kisipofundishwa vizuri, mgonjwa aweza kupiga simu asipate mtu wa kumsikiliza.

MILIO

Sikilizeni. (Mlio mrefu usiokatika.) Huu wasema: "Laini iko tayari, bonyeza namba."

(Mlio unaolia na kunyamaza polepole.) Huu wasema: "Simu ya mwenzako inaita, ngoja."

(Milio mifupi ya haraka.) Huu wasema: "Simu inatumika," au, "Mwenzako amekwisha kata."

Sisi twaielewa milio hii kwa mazoea. Kiungo hakina mazoea. Hupima mambo mawili tu: sauti ni nene au nyembamba kiasi gani, na yalia muda gani kabla ya kunyamaza. Tena milio si sawa duniani kote. Uingereza, simu inayoita hulia mara mbili upesi, kisha hunyamaza sekunde 2. Marekani hulia mara moja kwa sekunde 2, kisha hunyamaza sekunde 4. Kiungo kilichotengenezwa ng'ambo mara nyingi hufika kwetu kikijua milio ya huko tu.

Tuseme kuna zahanati yenye laini moja ya simu. Mama apiga, azungumza na muuguzi, kisha akata. Kwenye laini nyingi za waya, mtambo wa kampuni ya simu hutoa ile milio mifupi ya haraka, maana yake mazungumzo yamekwisha. Kiungo hakiitambui. Chaendelea kuishika laini. Baada yake baba mwenye mtoto wa degedege apiga, asikia simu inatumika. Apiga tena, ni vile vile. Na kumbe ndani hakuna mtu anayezungumza!

Dawa yake ni hii. Fundi afungue mipangilio ya Kiungo, achague nchi ya Tanzania. Ikiwa Tanzania haimo katika orodha, aiulize kampuni ya simu vipimo vya milio yake, aviandike humo. Kisha ajaribu: mtu wa nje apige, wazungumze, akate. Taa ya laini ikizimika baada ya sekunde chache, Kiungo kimefahamu.

SAA

Sasa tuseme zahanati hiyo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Kiungo kimeagizwa hivi: mchana, simu iite kwa muuguzi, usiku, maneno yaliyorekodiwa yaseme, "Zahanati imefungwa." Kiungo chajuaje kwamba kumekucha? Hutazama saa yake.

Hapa kuna makosa mawili ya kuepuka.

Kosa la kwanza ni kuandika saa yetu ya Kiswahili. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Mtambo huanza usiku wa manane, ukahesabu mpaka 24. Saa mbili asubuhi, kwa mtambo, ni 8:00. Ukiandika 2:00, Kiungo kitadhani ni usiku, na zahanati "itafunguliwa" saa nane usiku! Shikeni kanuni hii: tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza 6.

Kosa la pili ni kukiacha Kiungo katika saa ya Greenwich, Uingereza, ambayo mitambo mingi hutoka nayo kiwandani. Sisi tuko mbele kwa saa 3. Basi wagonjwa wataambiwa "Imefungwa" mpaka saa tano asubuhi; na jioni simu itaita katika chumba kitupu mpaka saa moja usiku. Fundi aandike +3. Tena, nchi nyingine husogeza saa zao majira ya joto, Tanzania haisogezi. Mpangilio huo uzimwe.

Lakini umeme ukikatika, visanduku vingi husahau saa. Vingine huanza tena tarehe 1 Januari 1970. Kwa hiyo Kiungo hufundishwa kuiuliza saa katika intaneti. Utaratibu huo ulitungwa na David Mills, wa Marekani, akauchapisha mwaka 1985.

Ni kama kumtuma mtoto dukani kuuliza saa. Aenda dakika 5, arudi dakika 5. Akikuambia, "Wamesema saa tatu kamili," wewe wajua kwamba sasa ni saa tatu na dakika 5. Kiungo nacho hupima muda wa kwenda na kurudi, hugawa kwa mbili, kisha husahihisha saa yake. Fundi aandike anwani ya kompyuta ya kuulizwa, kisha alinganishe saa ya Kiungo na ya simu yake ya mkononi.

MAZOEZI

1. Andika kwa saa ya mtambo: saa nne asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na nusu jioni.

2. Kiungo chaonyesha 6:00, nawe saa yako ni saa tatu asubuhi. Fundi alisahau nini?

3. Jadilianeni: simu ya ofisi yaonyesha inatumika kutwa nzima, na hakuna anayezungumza. Mtamwambia fundi atazame nini?

Majibu: 1. 10:00, 13:00, 16:30. 2. Alisahau kuandika +3. 3. Atazame kama Kiungo kinaitambua milio ya kukata simu.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka juma lijalo.