Nguo ya Picha ya Kazi: Uso Uonekane Kwanza

Mjini Kampala, kijana anayetafuta kazi huingia katika studio ya picha akiwa na shati na koti ndani ya mfuko, zisije zikachafuliwa na vumbi la njiani. Picha atakayopigwa itaambatanishwa na barua ya maombi, na huenda ikabaki katika jalada lake kwa miaka mingi. Atatazamwa kwa picha hiyo kabla hajapata nafasi ya kusema neno. Kwa hiyo uchaguzi wa nguo si jambo la urembo peke yake.

Kosa la wengi ni kuchagua nguo kana kwamba ndiyo itakayoajiriwa. Picha ya namna hii huishia kifuani. Kinachoonekana ni uso, ukosi na mabega. Mkanda na viatu havina sehemu.

Katika mji wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, jambo hili lilidhihirika kwa namna ya ajabu. Studio moja ya huko ilikuwa ikimpiga mteja picha kubwa akiwa ameketi, kisha ikakata kipande cha uso na kumpa. Mpiga picha wa Kiitalia, Martina Bacigalupo, aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatolewa kitabu. Watu wamo, lakini hawana nyuso. Yamebaki mavazi, mikono na magoti. Koti lile lile la kuazimwa studio linaonekana katika mabega ya watu mbalimbali. Uso, ambao ndio uliolipiwa, uliondoka na mwenyewe.

RANGI NA KITAMBAA

Kamera hupima wastani wa mwanga. Shati jeupe likitanda kifua kizima hurudisha mwanga mwingi, na kamera ikiupunguza kwa ajili ya shati, uso mweusi huzidi kuingia gizani. Tatizo hili lina historia: kwa miaka mingi kadi za Kodak za kusawazishia rangi za picha zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Mitambo ya leo ni bora zaidi, lakini tahadhari ingali inafaa. Shati jeupe livaliwe chini ya koti la rangi iliyokoza, au ichaguliwe rangi ya buluu, kijani kibichi au damu ya mzee. Vitambaa vinavyong'aa viepukwe, pamoja na milia myembamba, ambayo katika picha huweza kuonekana kama mawimbi.

Anayeomba kazi serikalini yafaa akumbuke waraka wa mavazi uliotolewa na Wizara ya Utumishi wa Umma mwaka 2017. Uliwataka wanaume wavae shati la mikono mirefu, koti na tai, na ukawakataza wanawake blauzi zisizo na mikono na nguo zinazoonyesha mwili.

Je, mama avae gomesi? Vazi hili, ambalo jina lake hunasibishwa na fundi Mgoa aitwaye Gomes, lina heshima kubwa. Hata hivyo, katika picha ndogo ncha za mabega hukatwa na ukingo, na mshipi wake hauonekani kabisa. Kwa maombi ya kazi ya ofisini, blauzi yenye ukosi hutosha. Lakini kiongozi wa akina mama ambaye wenzake humjua kwa gomesi hana sababu ya kulificha. Amwombe mpiga picha arudi nyuma kidogo.

KOTI LA KUAZIMA

Si aibu kuazima koti, ila lipimwe. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, na ukosi ulale shingoni. Likipwaya, libanwe mgongoni kwa kibanio. Kamera haioni huko. Hata hivyo, siku ya usaili mwombaji atatakiwa afanane na picha yake, na koti huenda litakuwa limekwisha rudishwa kwa mwenyewe. Shati lake mwenyewe, lililofuliwa na kupigwa pasi vizuri, lina nafuu hiyo.

Usiku wa kuamkia siku ya picha, mtu avae nguo hiyo na kusimama mbele ya kioo. Ikiwa kitu cha kwanza kukiona ni tai, aibadilishe. Ikiwa ni macho yake, hiyo ndiyo nguo ya kwenda nayo studio.