Kabla ya Milimita, Uliza Mzigo

Mnunuzi wa mkanda wa konveya, hapa Port Reitz na Changamwe kwa jumla, huanza na swali moja: una milimita ngapi? Mpira mnene unampa mtu imani, na bei yake inazidi kumpa imani. Lakini mikanda mingi haiuawi na uzito wa mzigo. Huuawa na joto, mafuta, rola iliyoganda, au puli ndogo isiyopatana na unene huohuo uliolipiwa pesa nyingi.

Mombasa ina mizigo ya kila tabia. Shimanzi, tangu 2000, Grain Bulk Handlers huvuta nafaka kwa mikanda kutoka gatini hadi kwenye silo. Likoni, kuanzia 2014, Base Titanium ilipakia melini mchanga wa madini kutoka Kwale, hadi uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa 2024. Ilmenaiti, moja ya madini ya mchanga huo, ujazo kwa ujazo, ina uzito wa karibu mara tatu ya ngano. Mkanda wake unaweza kuonekana nusu tupu kumbe umeshashiba. Klinka ya saruji nayo hukwangua kama msasa, tena huja ikiwa moto. Mpira wa kawaida ukizoea joto la zaidi ya nyuzi 70 hivi hukauka na kupasukapasuka, hata uwe mnene vipi. Hapo hutakiwa mpira uliotengenezewa joto. Soya na mbegu za mafuta huuvimbisha mpira wa asili. Chai haichomi wala haikwangui, ila hunyonya harufu, na mpira mpya una harufu. Magunia ya chai hayahitaji mkanda wa mgodi. Wa PVC uliokusudiwa vyakula unatosha, na ni mwepesi.

Baada ya mzigo ndipo usome maandishi ya mkanda. EP 500/4 maana yake ni kitambaa cha poliesta na nailoni chenye tabaka 4, kinachokatika kwa nyutoni 500 kwa kila milimita ya upana. Kazini hutumika kama sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Kwa hiyo mkanda wa upana wa milimita 800 uvutwe kwa kilonyutoni 40 tu, sawa na uzito wa tani 4 hivi. Ukiongeza tabaka unaongeza nguvu, na ukaidi pia. Kwenye puli ndogo tabaka la nje hunyooshwa na la ndani hubanwa, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka yanaachana. Kisha lawama inamwendea muuzaji.

Shida inayowatoa mafundi jasho zaidi ni mkanda kuhama upande. Wengi hukimbilia boliti za puli ya mkiani, wakazungusha mpaka mkanda ukahamia upande wa pili. Tafuta chanzo kwanza. Simamisha mtambo, piga alama ya chaki ukingoni mwa mkanda, kisha uuwashe na utazame. Ikiwa ni kipande kilekile kinachohama kila mahali kinapopita, kosa liko kwenye mkanda wenyewe, na mara nyingi ni kiungo ambacho hakikukatwa mraba. Ikiwa mkanda mzima huhama ukifika mahali pamoja, fremu au rola za hapo zimepinda. Rola ikikaa upogo, mkanda hukimbilia ncha unayoifikia kwanza; basi sogeza kidogo rola chache zilizo kabla ya pale, uache mkanda uzunguke mara kadhaa ndipo uguse tena. Haraka hapa ni hasara tupu.

Rola zenyewe zina adui wa pekee huku kwetu: hewa ya chumvi kutoka hori la Port Reitz. Beringi hushika kutu, rola inasimama, mkanda unaendelea kuisugua hadi bomba lake linakonda na kuwa na makali ya kisu. Rola ya bei ndogo hupasua mkanda mzima kwa urefu. Rola iliyoanza kulia ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Kiungo cha klipu hufungwa upesi na kinafaa kwa dharura, ila huvujisha unga na kugongagonga skrepa. Kwa nafaka ningechagua kiungo cha moto, kinachounganishwa kwa joto, ijapokuwa mtambo utasimama kwa saa nyingi.

Roli la akiba lisilazwe kwa ubavu uani penye jua. Litungikwe kwenye ekseli, kivulini, mbali na mashine za kuchomelea, ambazo hutoa ozoni inayopasua mpira.

Na kuzima swichi hakutoshi kabla ya kutia mkono. Swichi kuu ifungwe kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayeingia. Jiwe la kukazia, ule uzito unaoning'inia ili kuukaza mkanda, bado linauvuta, na kwenye mwinuko mzigo uliobaki juu unaweza kuurudisha nyuma bila umeme wowote. Mkanda ubanwe kwenye fremu kwanza, kisha jiwe lizuiwe.