Sanaa ya kerezo na deni lake kwa mpingo

MCHONGAJI hukituliza kipande cha mti, kisha mkono wake ukakizunguka na tezo. Mkereza hufanya kinyume: mti ndio unaozunguka, na patasi hutulia juu ya kiegemeo ikikwangua kidogo kidogo. Kwa miaka mingi tofauti hiyo iliifanya kazi ya kerezo ihesabiwe kuwa useremala tu. Ni miguu ya viti, nguzo za ngazi, na zile nguzo za vitanda vya besera ambazo bado zinaonekana katika nyumba za zamani za Lamu na Unguja. Kitu cha duara kinachofanana na wenzake kumi, nani atakiweka makumbusho?

Marekani ndiko swali hilo lilikopata jibu la kwanza. James Prestini alikereza mabakuli membamba mno, yasiyo na pambo lolote, na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yakayachukua. Bob Stocksdale alianza kukereza mabakuli akiwa kambini na wenzake waliokataa kupigana katika Vita Kuu ya Pili, kisha akaishi kwa kazi hiyo huko Berkeley, California. Katika miaka ya 1970 David Ellsworth alikwenda mbali zaidi. Alitengeneza vifaa vyake vilivyopinda, akawa anachimba ndani ya chombo kupitia tundu dogo la juu, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi wa kazi hiyo huongozwa na mkono na sikio: ukuta ukipungua unene, sauti ya chuma hubadilika. Akikosea kidogo, kazi ya siku kadhaa hupasuka. Mwaka 1986 wakereza wa nchi hiyo waliunda chama chao, na Ellsworth akawa rais wake wa kwanza.

Lipo pia tawi la zamani zaidi, ukerezaji wa nakshi. Huko Uingereza, kampuni ya Holtzapffel ya London ilianza mwishoni mwa karne ya 18 kuunda makerezo ya gharama kubwa, yaliyonunuliwa na matajiri na watu wa nasaba. Katika makerezo hayo mti unaweza kusimama kabisa huku kisu kidogo kikizunguka kwa kasi na kuchora maua na mawimbi kwa vipimo vya hesabu. Nakshi za namna hiyo hazikai juu ya mti wowote. Mti laini huchanika kingo, na mti wenye nyuzi kubwa huficha mchoro. Mabwana wale walipenda vitu viwili kuliko vyote: pembe za ndovu na mpingo.

Hapo ndipo habari hii inapofika nyumbani. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania, ni mzito kiasi cha kuzama majini. Msumbiji huitwa pau-preto, na watengenezaji wa klarineti na obo huko Ulaya huuita grenadilla. Huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia kimo cha kuvunwa. Kenya, wachongaji wengi wa Ukambani waliokuwa wakiutegemea wamelazimika kugeukia mwarobaini na jakaranda.

Mkereza mmoja wa nakshi, James Harris wa Red Rock, Texas, alitazama filamu ya televisheni kuhusu mti huo aliokuwa akiutumia. Ndani yake alimwona Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kilimanjaro aliyewahi kufanya kazi Ngorongoro. Harris akamtafuta. Mwaka 1996 wakaanzisha pamoja mradi wa kuhifadhi mpingo: Mmarekani akikusanya michango, Chuwa akiongoza vitalu, shule na vikundi vya wanawake kuotesha miche. Mwaka 2004 walisherehekea kupandwa kwa mti wa milioni moja, mpingo ukiwa miongoni mwa aina zilizopandwa. Chuwa alifariki dunia mwaka 2014.

Si kila mteja wa mpingo aliyehesabu deni lake namna hiyo. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote ya mti huu imewekwa chini ya vibali vya mkataba wa CITES. Miaka miwili baadaye ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa, lakini magogo na mbao hazikusamehewa.

Kilwa kuna njia nyingine. Vijiji vinavyomiliki misitu yao kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huamua wenyewe ni miti ipi ikatwe, na mapato yake huingia kijijini. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi kwamba mti umevunwa kwa utaratibu.

Jambo ambalo bado halijachukuliwa kwa uzito ni mabaki. Mtengenezaji wa klarineti hutaka kipande cheusi, kilichonyooka, kisicho na ufa wala fundo, kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo hukataliwa. Mkereza hukitaka kile kile kilichokataliwa. Ule mti wa nje wa rangi ya maziwa, ambao kwa klarineti ni dosari, kwenye bakuli huwa ukingo mweupe unaouzunguka weusi, na mafundi wa ng'ambo hulipia vipande vidogo kama hivyo. Kerezo dogo la mota na patasi chache si mtaji wa kiwanda. Kinachogharimu ni muda wa kujifunza, na mpingo haumsamehi mwanafunzi: huila patasi haraka, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Barakoa na jiwe la kunolea inafaa vinunuliwe siku moja na kerezo.