Gramu 49 za Kuruka: Sayansi ya Kuunda Ndege Ndogo Rangwe

Ukitandaza ramani na kuchora kwa rula mstari wa kutoka Kisumu hadi Mwanza, mstari huo utapita karibu kabisa na mji wa Homa Bay, si mbali na Rangwe. Ndege ziliwahi kusafiri upande huo: mwaka 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya anga ya Afrika iliyoishia Mwanza. Kuanzia Khartoum, barua na abiria walibebwa na ndege za majini zilizotua ziwani Kisumu. Mwaka 1937 zikaja kubwa zaidi, aina ya Short Empire: injini nne, mbawa zenye upana wa mita 34.7 kutoka ncha hadi ncha, na tumbo lililoundwa kama mashua. Zilitengenezwa 42 kwa jumla, na leo hakuna hata moja iliyosalia nzima. Anayetaka kuizunguka na kuitazama kwa macho yake hana budi kuiunda mwenyewe, ikiwa ndogo.

Waundaji wa ndege za mfano duniani hupenda kipimo cha 1:72. Kila sentimita 72 za ndege halisi huwa sentimita moja mezani. Kwa kipimo hicho mbawa za Short Empire zinakuwa na upana wa sentimita 48, ukubwa unaotosha meza yoyote ya darasani. Lakini urefu ukipungua mara 72, eneo la mbawa hupungua mara 72 kwa 72, yaani mara 5,184, na ujazo hupungua mara 373,248. Ndege iliyopaa na uzito wa tani 18 hivi inapaswa kuwa na gramu 49 tu ili ilingane na ile halisi kwa uzito pia.

Hesabu hiyo ndiyo inayoziwezesha ndege ndogo kuruka kwa upole. Kwa kuwa uzito umepungua zaidi kuliko eneo la mbawa, kila kipande cha bawa kinabeba mzigo mdogo mara 72. Mwendo unaohitajika hushuka kwa kipeuo cha pili cha 72, yaani karibu mara 8.5. Short Empire ilisafiri kwa kilomita 265 kwa saa. Mfano wake wa gramu 49 ungehitaji kilomita 31 kwa saa, mwendo wa baiskeli inayoshuka mteremko.

Kuna gharama yake. Hewa ina unato, na kadiri bawa linavyokuwa dogo na la polepole, ndivyo unato huo unavyolisumbua zaidi. Wanasayansi huupima uhusiano huu kwa namba ya Reynolds, na kwa mfano wetu namba hiyo ni ndogo takriban mara 600 kuliko ya ndege halisi. Bawa nene linalofaa kwa ndege kubwa hufanya kazi vibaya hapo. Ndiyo maana ndege ndogo za kurusha hupewa bawa jembamba lililopindwa kidogo, na fundi hukubali kuachana na umbo la asili pale tu sayansi inapomlazimu.

Sasa tuangalie vifaa. Gramu 49 za plastiki ya kawaida ya ndege za kuunganisha hazizidi sentimita za ujazo 47. Kwa mti wa balsa, ambao hupatikana hasa Ecuador na huwa na kilo 160 hivi kwa kila mita ya ujazo, uzito huo unakupa sentimita za ujazo 300, sawa na chupa ya soda ya mililita 300. Ubao wa balsa una nguvu kuliko wepesi wake unavyoonyesha: katika Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliutumia ndani ya mwili wa ndege ya kivita ya Mosquito, ukiwa umebanwa katikati ya mbao nyembamba ngumu.

Mtu wa Rangwe hana haja ya kungojea mzigo kutoka Ecuador. Kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, huota ambachi, mti mwepesi mno. Wailchamus wa Ziwa Baringo huufunga pamoja na kuunda mashua zao. Mlingoti wa mkonge uliokauka nao ni mwepesi, na mabua ya mahindi na mtama yanajulikana na kila mtoto aliyewahi kutengeneza kigari. Kata vijiti vyembamba kwa wembe, visugue kwa msasa, unda mbavu za bawa, kisha funika kwa karatasi laini. Bawa lenye uwazi ndani hubeba zaidi kuliko lililojaa.

Njia hii ina historia yenye heshima. Tarehe 18 Agosti 1871, jijini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege yenye uzito wa gramu 16 iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa. Iliruka mita 40 kwa sekunde 11, ikijisawazisha yenyewe kwa mkia wake. Miaka 7 baadaye, watoto wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliletewa na baba yao helikopta ya kuchezea iliyofuata ubunifu wa Pénaud. Wakaichezea hadi ikavunjika, wakaunda nyingine za kuiiga, na mwaka 1903 wakarusha ndege yenye injini iliyombeba mtu.

Siri ya Pénaud ilikuwa usawaziko, na kuukosa ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. Kitovu cha uzito kinapaswa kuwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka mbele hadi nyuma, kuanzia ukingo wa mbele. Inua ndege kwa ncha za vidole viwili hapo: ikiinamisha mkia, ongeza udongo wa mfinyanzi kwenye pua kidogo kidogo, hadi itulie. Ndege yenye mkia mzito hupandisha pua, hupoteza mwendo na kuanguka. Ndege yenye pua nzito hupiga mbizi.

Rangi nayo ina fizikia yake. Tabaka la unene wa milimita 0.05 ni jembamba machoni, lakini kwa kipimo cha 1:72 ni sawa na kuipaka ndege halisi rangi yenye unene wa milimita 3.6. Mistari ya mabati hufunikwa na ndege huonekana kama imeviringishwa kwenye uji. Tabaka hilo likienea juu na chini ya mbawa peke yake huongeza gramu 3 au zaidi, na gramu hizo zinatoka katika 49. Basi paka nyembamba, subiri ikauke, rudia. Short Empire ilikuwa na rangi ya fedha, rangi isiyosamehe: kila mkwaruzo wa msasa huonekana. Mafundi huanza na rangi nyeusi inayong'aa, kisha fedha juu yake. Rangi nyingine huchanganywa na nyeupe kidogo, kwa sababu kitu kikubwa kinachotazamwa kutoka mbali hupauka kwa mwanga unaotawanywa na hewa iliyo katikati.

Hata mahali pa kurushia pana sauti katika hesabu. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Rangwe imeinuka zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa angalau sehemu moja ya kumi, hivyo ndege ileile inahitaji mwendo zaidi wa asilimia 6 hivi ili ibebeke. Kila gramu uliyookoa kwenye bawa hapa ina thamani zaidi kuliko pwani. Rusha asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaamka, na kaa mbali na uwanja wa ndege wa Kabunde.

Walimu wa sekondari msingi wanaotafuta mradi wa ufundi wana hapa hesabu, fizikia, uchoraji na historia ya ziwa lao katika kazi moja. Waanze na mizani inayopima gramu, utepe wa kupimia na daftari. Wanafunzi wabadilishe jambo moja tu kila wanaporusha, iwe uzito wa pua, pembe ya mkia au tabaka la rangi, na waandike umbali. Hivyo ndivyo wahandisi wa ndege wanavyofanya kazi, na mtoto wa Rangwe anaweza kuanza kazi hiyo mwaka huu kwa bua la mtama.