Picha za harusi: mkubwa wa kazi anamusaidia kijana namna gani?

Lubumbashi, kila harusi iko na vijana wanaopiga picha na telefone. Picha zinakuwa mingi, lakini uso wa bibi-arusi unatoka giza tupu, na mbingu nyuma yake nyeupe. Kijana anafikiri telefone ndiyo mbaya. Anaanza kutafuta feza ya kununua ingine.

Mpiga picha wa zamani akiiangalia, anajua shida iko wapi: jua lilikuwa nyuma ya bibi-arusi. Kamera inapima mwangaza wote. Mbingu ikiwaka sana, kamera inapunguza, na uso unabaki gizani. "Mugeuze, ao umuingize chini ya baraza," anamwambia. Ni hilo tu, na feza inabaki mfukoni.

Walimu wa kazi hii hawakosekani mjini. Sammy Baloji, anayejulikana mbali kwa picha zake juu ya Gécamines, alizaliwa hapa, na mwaka 2008 alikuwa kati ya walioanzisha Picha, shirika lenye linatayarisha Biennale ya Lubumbashi.

Lakini kuko pia wakubwa wanaomubebesha kijana sakoshi mwaka muzima bila kumuonyesha kitu. Hiyo, kusema kweli, si kufundisha. Mkubwa muzuri anaomba picha 20, anamuacha kijana achague 3 na aeleze kwa nini. Hapo panauma, juu anazipenda zote. Mara ingine anabakiza yenye imetikisika, kwa sababu ni ya mama yake. Basi mkubwa anamuambia airudilie kesho asubui, jua likingali chini.