MAPUMZIKO SHULENI: KUCHEZA SI KUPOTEZA WAKATI



Wengi wenu hujiuliza: masomo ni mengi na muda ni mfupi, kwa nini shule inawatoa watoto nje wacheze? Ni haki yenu kuuliza, maana elimu ni mali ambayo mtoto hubeba popote anapohamia. Lakini mapumziko ni sehemu ya elimu hiyo.

Faida zake ni zipi?

Akili: Mtoto akikaa muda mrefu bila kusimama, huchoka na kuacha kusikiliza. Akitoka nje kidogo, hurudi darasani akiwa tayari kujifunza.

Mwili: Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Kukimbia, kuruka kamba au kucheza mpira wa majani ya migomba kunatosha. Vifaa vya bei si lazima.

Moyo: Mtoto aliyekimbia vita au kuhamishwa amepoteza marafiki. Kambi ya Gihembe ilipofungwa mwaka 2021, familia nyingi zilihamia Mahama. Kwa mtoto mgeni, mchezo huleta rafiki wa kwanza, hata kama lugha bado ni ngumu.

Kambini na mjini

Baadhi yenu mna watoto au ndugu wanaosoma Kigali, kwa mfano Kimironko. Msidhani mtoto wa mjini ana nafasi zaidi. Karibu na soko la Kimironko magari na pikipiki ni nyingi, na nyua za nyumba za kupanga mara nyingi ni ndogo. Huenda uwanja wa shule ndio mahali pake pekee pa kukimbia bila hatari. Kambini hatari ni nyingine: makorongo, miteremko na vipande vya chupa. Wazazi na walimu, kagueni uwanja pamoja.

Mapumziko yasiwe adhabu

Kumfungia mtoto darasani kwa sababu hakumaliza zoezi hakumsaidii. Mtoto mtundu ndiye anayehitaji zaidi kukimbia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kama adhabu. Wasichana nao wasitumwe kuchota maji au kufagia wakati wavulana wanacheza. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Rwanda imeuridhia, kinampa kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mtoto mwenye ulemavu pia atafutiwe mchezo anaouweza.

Mwangalie mtoto asiyecheza

Muulize mwalimu: mwanangu hufanya nini wakati wa mapumziko? Mlete kituo cha afya ukiona kwamba:

- anachoka au kuhema haraka kuliko wenzake;
- viganja vyake au ndani ya kope pamepauka, dalili ya upungufu wa damu;
- anakohoa sana akikimbia;
- alikuwa akicheza, sasa anajitenga, analia au anashtuka ovyo.

Akiwa na homa, mlete siku hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa malaria. Usimwite mvivu kabla hajapimwa. Huenda pia anaona njaa, au kuna wanaomwonea.

Mambo ya kufanya

1. Mpe mtoto maji salama ya kunywa shuleni.
2. Avae viatu, ili kujikinga na minyoo na majeraha.
3. Anawe mikono kwa maji na sabuni baada ya kucheza na kabla ya kula.
4. Akitoka shule, mwachie muda wa kucheza kabla ya kazi za nyumbani.

Ukiwa na wasiwasi wowote, zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako au fika kituo cha afya. Usingoje mtoto azidiwe.