Matairi Mapya ya Motokaa, na Namna ya Kuyafunga

Wanafunzi wengi wa shule yetu hawana motokaa, na mimi pia sina. Lakini karibu sote hupanda gari la mtu, na apandaye gari huiweka roho yake juu ya vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa barabara kwa sehemu ndogo tu, kadiri ya kiganja cha mkono. Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niwaeleze wasomaji mambo niliyojifunza katika likizo ya Juni, mwaka 2024, nilipofuatana na baba kwenda Moshi kununua matairi.

Kwanza nieleze sababu ya safari hiyo. Baba ana gari dogo aina ya Toyota, na mama hulitumia kupelekea ndizi katika soko la Kiboriloni mara mbili kwa juma. Mwezi wa Aprili, gari lilipokuwa likiteremka kutoka Marangu kwenda Himo, tairi la mbele la kushoto lilipasuka. Mama alikuwa ndani pamoja na mdogo wangu wa kike. Gari lilivutwa kushoto likaingia mferejini, pua chini, na mikungu ya ndizi ikawaangukia mgongoni. Kwa rehema ya Mungu walipata michubuko tu. Ajabu ni kwamba tairi lile lilikuwa na meno marefu kama jipya. Baba alilinunua mwaka 2022 katika duka moja la matairi ya mitumba, naye alitazama meno tu akaridhika.

Fundi wa pancha ndiye aliyetufumbua macho. Alilipangusa tairi kwa kitambaa, akatuonyesha tarakimu nne zilizo ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT. Zilikuwa 0914. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Maana yake, tairi lilitengenezwa katika juma la 9 la mwaka 2014. Siku baba alipolinunua lilikwisha timiza miaka minane. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Hukauka, na ukiubonyeza ubavu utaona nyufa nyembamba kama za tope lililopigwa na jua.

"Mzee," alisema fundi, "meno hayasemi umri."

Baba hakujibu neno, ila tangu siku hiyo hatazami tairi bila kuinama kwanza.

Basi tulikwenda Moshi na fedha za akiba ya mama, nasi tulijua kwamba zikipungua hakuna nyingine. Gari letu huvaa matairi yaliyoandikwa 195/65R15 91H. Namba hizi si mafumbo. Upana wa tairi ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni uzito ambao tairi moja laweza kubeba, yaani kilo 615, na H ni mwendo wake wa mwisho, kilomita 210 kwa saa. (Gari la mama likijaa ndizi halijui habari za 210.) Anayekwenda dukani bila kuziandika namba hizi atauziwa lililopo, si limfaalo.

Duka la kwanza lilitutajia shilingi 165,000 kwa tairi moja, na la pili shilingi 182,000. Baba alikwisha tia mkono mfukoni katika lile la kwanza, nami nikamwomba aulize gharama nyingine. Huko kila kazi ilikuwa na bei yake: kuvua na kuvisha 5,000 kwa gurudumu, valvu mpya 3,000, balansi 10,000, na alaimenti ya gari zima 40,000. Nilijumlisha kwenye daftari nikapata 772,000. Duka la pili lilitia kuvisha, valvu na balansi ndani ya bei ya tairi, na alaimenti ilikuwa 30,000, jumla 758,000. Tena matairi ya duka la kwanza yaliandikwa 3019, yaani yalikwisha kaa miaka karibu mitano, na yale ya pili 4623. Hapo hapakuwa na shauri tena.

Msomaji huenda akauliza: mwenye fedha za matairi mawili tu afanye nini? Watengenezaji wa matairi hushauri mapya yafungwe nyuma. Baba alibisha sana, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani. Fundi alimweleza kwamba matairi ya mbele yakiteleza kwenye maji, dereva huhisi mara moja, na akiachia mafuta gari hurudi njiani. Bali ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka kama pia, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Sasa nifike kwenye balansi, ambayo wengi hudhani ni njia ya kuwatoza watu fedha. Hakuna tairi wala rimu iliyo na uzito sawa pande zote. Fundi hulifunga gurudumu kwenye mashine inayolizungusha na kuonyesha upande mwepesi, kisha hubandika kipande kidogo cha madini hapo. Gurudumu letu moja lilidai gramu 20, nami nikacheka moyoni: gramu 20 ni nini? Niliporudi shuleni mwalimu wa fizikia alinisaidia kupiga hesabu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu la kipimo chetu huzunguka mara 14 hivi kila sekunde, na gramu 20 zilizo ukingoni mwa rimu hulivuta kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 3. Ndiyo maana usukani hutetemeka mikononi, na bolijointi na beringi huchakaa kabla ya siku zake.

Alaimenti ni jambo jingine. Balansi hutazama gurudumu lenyewe. Alaimenti hutazama jinsi magurudumu yanavyosimama chini ya gari. Yaweza kuwa na matege, au yakaelekeza vidole ndani kama mtu anayetembea vibaya, na hapo tairi huburutwa kidogo kila hatua. Tairi likiliwa upande mmoja tu, shaka kubwa ni alaimenti. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiliwa katikati, ulizidi. Kipimo cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nacho hupimwa matairi yakiwa baridi.

Hapa ndipo tulipotaka kupunjwa. Kijana mmoja alisema tairodi zote mbili zimekufa, zibadilishwe kwanza. Ni kweli kwamba kupima alaimenti juu ya tairodi iliyolegea ni kutupa fedha, lakini baba alimwambia, "Inua gari, mwanangu, unionyeshe." Gari likainuliwa kwa jeki, baba akashika gurudumu kushoto na kulia akalitikisa. La kulia lilicheza; la kushoto lilikuwa imara kabisa. Tukanunua moja. Alaimenti ilipokwisha tulidai karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada, tukapewa.

Mwisho zilikuja nati. Kijana alizikaza kwa mashine ya upepo hata zikalia. Baba aliniamuru nichukue spana ya gari letu nifungue moja. Nilining'inia juu yake kama popo, isitikisike! Baba akasema, "Ikiwa hapa mchana haifunguki, mama yako atafanyaje njiani usiku?" Zikalegezwa zote, zikakazwa kwa mkono, moja kisha ile inayoikabili, si kwa kufuata duara.

Tulipofika nyumbani mama alitembea kulizunguka gari, akainama kwenye kila gurudumu, akatusomesha namba 4623 kwa sauti mara nne. Jumapili, baada ya ibada, nilizikagua nati zote tena kama fundi alivyoagiza. Moja ya nyuma ilikubali robo mzunguko.